Lita Elfu Nne za Jumatano

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za kikao:
nani kasema nini, saa ngapi, nani kaafiki.
Kikohozi hakiandikwi.
Theluji iliyofika kwenye vizingiti vya madirisha
haikuwa mjumbe.

Ajenda ilikuwa moja: mustakabali wa maji
katika mji ambao kila mwaka unafunga shule
na kufungua nyumba ya wazee.

Alianza Bi Nishiwaki, kaja na treni ya alfajiri kutoka Osaka,
chati zake zote zikiteremka:
watu wanapungua, ankara zinapungua,
mabomba yale yale, marefu vile vile,
yamezeeka pamoja na walioyalaza.
"Mbia," alisema. "Mkataba wa miaka ishirini.
Mita zinazojisoma zenyewe."
Akasema "ufanisi" mara kumi na moja; nilihesabu
kwa vijistari pembeni mwa daftari.

Mhandisi Hatakeyama alisimama kabla hajaruhusiwa.
Yeye hutaja maji kana kwamba anamtaja mtu wa ukoo.
"Kodisheni daraja, kodisheni uwanja wa besiboli.
Mshipa wa mtu haukodishwi."
Makofi, safu ya nyuma, kwa wastaafu.
"Mshipa huo, mhandisi,
unavuja lita ishirini na tatu katika kila mia.
Nani anazilipia? Wajukuu zako walio Tokyo?"
Wazee wetu walisema yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema ankara apelekewe nani.

Ndipo likaja la Kamisawa.
Kilomita tisa za bomba kupanda mlima,
na mwisho wake mfereji mmoja,
na kwenye mfereji huo Bi Ogasawara Fumi, miaka tisini na mmoja,
anayetumia ndoo tatu kwa siku, tena zisizojaa vizuri.
Maji yakilala bombani huisha dawa, hubadilika ladha;
kwa hiyo kila Jumatano tunafungua vali kule juu
na kumwaga lita elfu nne mtaroni
ili yeye apate birika la chai.

"Elfu nne," alirudia Bi Nishiwaki, polepole,
kama mtu aliyekuta jina la mama yake
kwenye orodha ya wadaiwa.
"Boza moja kwa wiki lingetosha."
"Januari barabara haipitiki."
"Basi ahamie mjini."
"Mwambie wewe."

Wakamgeukia mzee Kuwabara,
msikilizaji wa mabomba miaka thelathini na minane,
yule atembeaye usiku wa manane na fimbo ya chuma,
ncha moja kwenye lami, nyingine sikioni,
akitenga mvujo na mngurumo wa friji za duka.
Msimamo wako?
Akasugua sikio la kulia, lile zima.

"Jumatano nafika mapema, kabla sijafungua vali.
Naweka fimbo pale kwenye kituo cha basi lisilokuja tena.
Namsikia. Anafungua, anafunga, anafungua.
Mchele anausuuza mara tatu.
Siku asiposuuza, nitabisha hodi."

"Mita ingekwambia hilo," alisema Bi Nishiwaki,
bila dharau, na kila siku, si Jumatano tu.
"Ingeniambia," mzee alikubali,
akaiegemeza fimbo ukutani, ikateleza, ikaanguka kwa kishindo,
tukaruka sote.
Hakuna aliyepiga makofi. Haikuwa hoja,
au ilikuwa hoja ya kikao kingine.

Kura: saba kwa saba. Tuliahirisha hadi theluji iyeyuke.
Mwandishi hana kura, na ningekuwa nayo
sijui ningeiweka wapi; mimi pia hulipa ankara,
mimi pia nina mama, mlima mwingine.

Mezani zilibaki chupa kumi na nne za maji ya dukani,
zimenywewa nusu nusu.
Nilizimimina kwenye sinki, moja moja,
nikafungua mfereji, nikanawa mikono,
na hata ilipotakata sikuufunga upesi.